Injini ya dizeli kwenye Land Rover kuukuu

Ndugu, umeuliza kama Land Rover Series III yako ya petroli hapo Malindi itapita kihalali ukiifungia injini ya dizeli ya 200Tdi. Itapita, mradi logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, ibadilishwe: namba ya injini, ukubwa kutoka cc 2,286 hadi 2,495, na aina ya mafuta. Ombi hupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na gari litakaguliwa.

Kitakachokusumbua hasa ni asili ya injini. Dai risiti ya muuzaji na karatasi za forodha zenye namba ileile iliyochongwa kwenye bloku. Isiyo na karatasi iache, hata ikiwa bei ya kutupa. Tena fundi asije akaipaka rangi ile namba ikafifia! Bima pia wajulishe.