Siku Akizidisha, Usimwache

Wiki iliyopita msomaji wa Nyegezi aliniuliza afanye nini siku atakapomkuta mdogo wake amezidisha unga, yaani heroini, nami nikachelewa kumjibu kwa sababu swali lake lilinirudisha nisikopenda kurudi.

Mwaka 2013, katika chumba nilichopanga Mabatini, rafiki yangu alijidunga baada ya kukaa mwezi mzima bila kutumia, akachukua kipimo chake cha zamani ambacho mwili ulikuwa umeshakisahau. Alianza kukoroma kizito, pumzi zikapungua, midomo ikawa rangi ya majivu. Tulimmwagia maji ya ndoo, tukamnywesha maziwa, ambayo leo najua yangeweza kumpalia, kisha wenzangu wakatoka mmoja mmoja wakihofia polisi. Mimi nilibaki, wala sidai sifa, maana chumba kilikuwa changu. Tulipofika kituo cha afya kwa bodaboda, mhudumu alitutazama, akasema, "Hao mateja wasubiri." Rafiki yangu alikata roho kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni.

Dawa ya kumzindua ilikuwepo duniani. Naloksoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971, huisukuma heroini kutoka pale inapojishikiza ubongoni, na mtu akarudi kupumua ndani ya dakika chache. Jimbo la New Mexico lilirekebisha sheria mwaka 2001 ili hata asiye mhudumu wa afya aweze kuitumia, na mwaka 2007 likamkinga anayeita msaada asishtakiwe kwa kupatikana na dawa za kulevya. Machi 2023 Marekani ikaruhusu ile ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari. Wabunge wetu wakiniuliza, nitaanza na sheria ile ya 2007, kwa sababu chumba changu kilihamwa kwa hofu kabla hatujafikia suala la dawa.

Miaka iliyofuata siisimulii. Leo nakunywa methadoni yangu, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila asubuhi katika Hospitali ya Sekou-Toure jijini Mwanza, na najivunia foleni ile.

Kwa hiyo, dada yangu, ita msaada, mpulizie pumzi mdomoni, akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, na usimwache. Hata akizinduliwa kwa naloksoni usimwache, kwani nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, huku heroini ikiweza kuwa bado imo mwilini. Nanyi mnaowafungia ndugu zenu milango kwa kuona aibu, acheni. Aliyejificha chooni hufia chooni. Mwambie mdogo wako leo, akiwa mzima, kwamba siku hiyo utatafuta gari kwanza, wala hutamuuliza kete ameitoa wapi.