Shangazi, mwanangu hataki kunyolewa na baba yake hajali

Shangazi shikamoo. Nina kijana wa miaka 16 ana usonji. Ndevu zimeanza kuota na uso umejaa chunusi, zingine za usaha. Kwa kinyozi alipiga kelele akaangusha kiti mpaka watu wakajaa mlangoni. Sasa wajomba zake wawili wanamshika namnyoa mwenyewe na wembe, anatoka damu. Majirani wanatuona wachafu. Baba yake hasaidii chochote, anasema nimuache na ndevu zake, yeye kila Jumapili yuko barazani na kioo ananyoa zake huku mtoto kamkodolea macho tu. Hata taulo jipya la bluu huyo baba kalimwagia jiki na anakataa. Mama K, Tanga

Marahaba mwanangu. Pole, najua umechoka. Pole yenyewe inaishia hapo.

Barua yako ndefu nimeifupisha ila nimeisoma yote mara tatu namtafuta huyo baba asiyejali, sijamuona. Nilichoona ni baba anayesema mtoto asikamatwe kama mbuzi wa Idi. Majirani umewataja mara tano, maumivu ya mtoto mara moja. Sasa nikuulize, hizo ndevu zinamkera nani?

Kwa kinyozi kuna singeli, kuna harufu ya spiriti, kitambaa kinakaba shingo na mkono wa mtu asiyemjua uko kidevuni, kwa mwenye usonji vitu vyote hivyo vinaweza kumwingia kwa pamoja na kwa ukali ambao mimi na wewe hatuusikii. Ningekuwa yeye hata mimi ningeangusha kiti. Na huo wembe wako achana nao, unakata vichwa vya chunusi unasambaza uchafu uso mzima, halafu nywele zetu hizi za kujikunja ukizikata chini sana ncha inageuka inaingia ndani ya ngozi, vingi vya hivyo vipele vya kidevuni unavyodhani ni chunusi mpya umevitengeneza wewe.

Ndoa za siku hizi bwana. Mwanamke anataka mume amsaidie ila amsaidie kwa mtindo wake yeye, akisaidia kwa mtindo mwingine basi hasaidii, na kesho tunasikia yuko kwa mama yake na mabegi.

Mwanao amekaa kila Jumapili anaangalia mtu ananyoa mwanzo mwisho bila kuguswa, unajua hilo ni darasa? Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini huyu kwa jinsi ulivyomwelezea atajinyoa mwenyewe kabla hajakubali mkono wa mtu. Nunueni mashine ndogo ya betri, iwe yake peke yake. Wiki ya kwanza aishike tu imezimwa. Halafu aiwashe na kuizima mwenyewe, aisikie inavyotetemeka mgongoni mwa mkono, akichoka aiweke chini hakuna wa kumfokea. Ikifika shavuni, kwanza anawe maji ya uvuguvugu, apitishe kufuata ndevu zinakolala, pale penye chunusi ya usaha aparuke, na ibaki kivuli kidogo cha ndevu hakuna atakayekufa. Spiriti asipakwe. Siku ile ile, saa ile ile, kiti kile kile. Inaweza kuchukua miezi, na akisema hataki kabisa basi baba yake alikuwa sahihi, afuge, kwani Tanga wenye ndevu wako wangapi? Chunusi zenyewe za usaha mpeleke kwa daktari wa ngozi, usimpake krimu za kuchanganya za dukani.

Jumapili hii weka kiti cha pili barazani wewe uende zako sokoni. Na umeniandikia kwamba dawa ya chunusi unayompaka usiku ni ya benzoili peroksaidi. Mama, ile inachuja rangi ya nguo kabisa, mtoto akijifutia uso taulo linabaki na madoa meupe. Kamuombe mumeo msamaha wa taulo.