Jibu: Mbwa wa kuokota anakonda, na mama hamtaki

Waalaikumu salaam dada. Umesema huli nyama, mbwa uliyemuokota Bububu unampa wali na mbaazi za nazi, anazidi kukonda, na mama hataki hata kumuona mlangoni.

Kwanza minyoo na kupe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kulaumu chakula, na umuulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Halafu hizo mbaazi: zina kitunguu na thomu? Vyote viwili huharibu damu ya mbwa, hata vikipikwa. Mchemshie chake mbali, choroko au maharage yaive hadi yapondeke, viazi vitamu, boga. Mbwa anaweza kuishi bila nyama (paka hawezi), ila kunde peke yake hazitoshi. Daktari akuelekeze cha kuongeza. Mimi pia sili nyama, lakini akiniambia wangu anahitaji dagaa, nitampa. Afya yake kwanza.

Kwa mama usibishane. Sisi Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii), mate ya mbwa kwetu ni najisi, mama ana haki. Mbwa wangu analala uani, ana bakuli lake, na chombo akikiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama yangu alipoona hilo halikiukwi akatulia. Nguo za kuswalia usizianike uani.