GRE Verbal Yako Imeganda? Yangu Iliganda Miezi Mitano

Juzi usiku nimeshazima taa, ujumbe ukaingia: "Shikamoo kaka. Nimemaliza PowerPrep zote mbili za bure, Verbal bado 149. Maneno nimekariri zaidi ya elfu moja. Nifanyeje?"

Usingizi ukakata. Hiyo 149 naijua vizuri, tumeishi wote.

Kwa msiojua, GRE ni mtihani ambao vyuo vingi vya nje huutumia kuchagua wanafunzi wa uzamili, na PowerPrep ni majaribio yake rasmi. Inakupa alama kati ya 130 na 170 kwenye Verbal, yaani sehemu ya Kiingereza, na vivyo hivyo kwenye hesabu. Hesabu hazikuwa tatizo langu, nimesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Verbal ndiyo iliyonitoa jasho: 149, kisha 150, kisha 149 tena. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kupiga msuli. Kwenye daladala ya Mbagala, hata nikiwa nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine kadi za maneno. Kila Jumamosi nafanya mtihani wa majaribio. Nikimaliza naangalia alama, naumia, nazima kompyuta. Jumamosi nyingine tena. Nilikuwa kama mtu anayepanda mzani kila asubuhi huku sahani ya ugali ni ileile.

Nikaenda kufanya mtihani wenyewe hivyohivyo, kwa imani. Mwishoni kompyuta inakuuliza: alama zako zihesabiwe, au uzifute bila kuziona? Nikabonyeza zihesabiwe. 150. Zaidi ya dola 200 zimekwenda, na ofisini nilishatangaza. Mwenzangu mmoja akasema mbele ya watu, "Kwani wewe Kiingereza hukusoma?" Walicheka. Bado inaniuma, sitawadanganya. Mwezi uliopita huyohuyo kaja kuniomba madesa ya GRE. Nilimpa, ila nilimzungusha wiki mbili makusudi.

Kilichonifungua macho ni hasira. Nilirudi kwenye majaribio machache ya mwisho, nikanakili kila swali nililokosa kwenye daftari la kaunta, na pembeni nikaandika kwa nini nilikosa. Yalikuwa maswali 41. Niliyokosa kwa sababu ya neno nisilolijua kabisa yalikuwa 9 tu! Miezi yote ile ya kadi, kwa ajili ya maswali 9.

Mengine je? Mengi nilikosa kwa maneno niliyodhani nayajua. Mimi "arrest" najua ni polisi kumkamata mtu. Kumbe "arrest the decline" ni kuzuia kitu kisiendelee kuporomoka. "Qualified" najua ni mtu mwenye sifa za kazi. Kumbe "qualified praise" ni sifa za nusunusu, unasifiwa huku unawekewa "lakini". Ni kama mgeni aliyejifunza kwamba kaa ni kuketi, halafu umwambie kaa la moto, au kaa wa pwani.

Halafu kuna vile vineno vidogo, "although", "hardly", "far from", vinavyogeuza sentensi nzima. Nilikuwa navipita kwa kasi kama basi lisilo na abiria wa kushusha. Na kwenye maswali ya kujaza nafasi tatu, ukikosa moja umekosa swali zima, hakuna nusu alama. Kwenye ufahamu nako nilikuwa nachagua jibu ambalo ni kweli duniani, ila kwenye kifungu halimo.

Miezi mitatu iliyofuata sina cha kusimulia: daftari, kazi, daftari, kulala. Majaribio nilifanya mawili tu.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kukusanya majaribio kama vitenge! Jaribio linapima tu. Anayefundisha ni lile kosa lako, nawe unalikimbia kwa sababu linakuaibisha. Vijana wetu tunapenda kusema "nimefanya mock kumi". Umefanya kumi, umezisahihisha ngapi? Nunua daftari. Andika kosa, andika ulivyowaza, lirudie baada ya wiki. Wengine wataniuliza kuhusu muda: sehemu ya kwanza ya Verbal ni maswali 12 kwa dakika 18, ya pili 15 kwa dakika 23. Swali likigoma, weka alama, endelea, utarudi kabla sehemu haijafungwa. Jibu yote, maana kukosa hakupunguzi alama. Ila narudia, daftari kwanza.

Mara ya pili skrini iliniandikia 158. Nilitoka nalia, mlinzi wa getini akanipa pole, akidhani nimefiwa.

Dada uliyeniandikia, marahaba. Alama usinitumie tena. Nitumie maswali 10 uliyokosa, na chini ya kila moja uandike ulikuwa unawaza nini ulipochagua jibu lile. Usiyapambe. Nitayasoma Jumapili nikitoka kanisani.