Je, Nia Njema Huondoa Ubaguzi katika Neno au Kitendo?

SWALI: Assalamu alaykum, Shekhe. Mimi ni mkaazi wa Majengo, Mombasa. Kaka yangu amemuoa mwanamke Mtaita aliyesilimu, naye ni mweusi kutuzidi sisi. Siku ya kumtia hina binti wa shangazi yetu, wifi yangu huyo alifika mlangoni amevaa buibui na zawadi yake mkononi, akatoa salamu. Shangazi hakuitikia, alimwambia tu: "Wapishi hupitia uani, masufuria yako huko." Alipoambiwa kuwa huyu ni mke wa fulani, alicheka akasema: "Kumbe! Mashaallah, ni mweusi lakini mzuri." Wanawake waliokuwapo wakacheka. Wifi yangu alikaa kidogo, hakugusa chakula, akaenda zake. Kaka yangu anasema huo ni ubaguzi wa rangi na ameapa kutokanyaga tena kwa shangazi. Shangazi naye anasema hakukusudia ubaya, kwamba alimsifu, na kwamba Mtume (s.a.w.) amesema vitendo ni kwa nia. Ni nani mwenye haki? Na je, shangazi analazimika kuomba radhi kwa jambo asilolikusudia?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hadithi anayoitegemea shangazi yenu ni sahihi, imepokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab (r.a.) na wameithibitisha Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi. Lakini shangazi ameishia katika sentensi yake ya kwanza. Hadithi inaendelea kumtaja aliyehama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na aliyehama kwa ajili ya dunia aipate au mwanamke amuoe: safari ni moja, ujira ni mbalimbali. Inazungumzia amali ambayo asili yake ni njema au ni halali, kisha nia ikaipandisha au ikaishusha. Haisemi kwamba jambo lililokatazwa hugeuka kuwa jema kwa sababu mtendaji alilifanya kwa moyo mweupe. Mwanachuoni Imamu Ghazali aliliona kosa hili la kufahamu akalieleza waziwazi: maasi hayabadiliki kwa nia, na akatoa mfano wa mtu anayemsengenya mwenziwe ili kumfurahisha mwingine, na wa anayemlisha maskini kwa mali ya mtu. Mwenye kusengenya alitaka kufurahisha, na amesengenya.

Ndani ya ugomvi wenu mna mambo mawili, na kila upande umeyachanganya. La kwanza ni dhambi ya shangazi mbele ya Mola wake. La pili ni kile alichotendewa wifi yako. La kwanza linaitegemea nia kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu anasema katika Sura ya al-Ahzab, aya ya 5, kwamba si lawama juu yenu kwa mliyoyakosea, ila kwa yale ambayo nyoyo zenu zimeyakusudia. La pili halingoji nia. Tazama Sura ya an-Nisaa, aya ya 92: aliyemuua muumini kwa kukosea hahesabiwi sawa na muuaji wa makusudi, ambaye adhabu yake imetajwa katika aya inayofuata, lakini anatakiwa kumwacha huru mtumwa muumini, na jamaa za aliyeuawa wana haki ya kulipwa diya, yaani fidia ya damu, isipokuwa wao wenyewe waisamehe. Ikiwa katika damu kutokusudia hakufuti haki ya aliyedhurika, haielekei kufute haki yake katika heshima.

Zaidi ya hayo, katika mambo ya ulimi sheria imeweka kipimo upande wa anayesemwa. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kusengenya ni nini, alijibu kuwa ni kumtaja nduguyo kwa jambo analolichukia, kama alivyopokea Muslim. Hakusema, "kwa jambo ulilokusudia kumchukiza." Na iko aya ambayo naiona nzito zaidi katika suala lenu, nayo ni ya 104 katika Sura ya al-Baqara. Waumini walikuwa wakimwambia Mtume "raaina," yaani tuangalie, utuchunge, na nyoyo zao zilikuwa safi kabisa kwake. Lakini wapo waliokuwa wakiligeuza neno hilo hilo kwa ndimi zao likawa tusi. Mwenyezi Mungu hakuwaambia waumini kwamba maadamu nia zenu ni njema endeleeni. Aliwakataza neno na akawapa jingine, "undhurna," badala yake. Hapana shaka juu ya nia ya Masahaba kwa Mtume wao, na bado neno liliondolewa, kwa sababu ya matumizi liliyokwisha kuyabeba kwa watu.

Sasa tuje kwa Sahaba Abu Dharr (r.a.), maana kisa chake ndicho kilicho karibu kabisa na chenu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alizozana na mtu akamtukana kwa kumtaja mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimuuliza kama amemtukana mtu huyo na kama amemtia aibu kwa mama yake. Hakumuuliza alikuwa na nia gani. Abu Dharr alipokiri, Mtume alimwambia: "Hakika wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahili," yaani mabaki ya zama za kabla ya Uislamu. Katika mapokezi mojawapo Abu Dharr aliuliza, hata sasa katika uzee wangu huu? Akajibiwa, naam. Swali hilo linatuonyesha kwamba hakuwa akijua kuwa analo jambo hilo. Lilikuwa limejificha ndani yake, na hasira ikalitoa nje. Basi haiwezekani kwamba kutojua kwa mtu kilichomo ndani yake ndio ushahidi kuwa hakimo.

Lakini kaka yako naye aisome hadithi hiyo hadi mwisho. Mtume alisema ndani yako mna ujahili, hakumtoa katika Uislamu wala katika usuhuba, na Bukhari aliiweka hadithi hii katika Kitabu cha Imani, chini ya mlango unaoeleza kwamba maasi ni katika mambo ya ujahili na mwenye kuyatenda hakufurishwi kwayo, isipokuwa kwa shirki. Kitendo kilipewa jina lake bila kuchelewa, na mtu akaachiwa mlango wa kurudi, naye akarudi: anayetusimulia anasema alimkuta Abu Dharr huko Rabadha, nje ya Madina, amevaa nguo, na mtumishi wake amevaa mfano wa hiyo hiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba alichokifanya shangazi pale mlangoni, na alichokisema baada yake, ni ubaguzi, hata kama kifua chake hakikuwa na chuki. Wageni wangapi walipita mlango ule na mabuibui yao wasielekezwe uani? Kilichomtofautisha wifi yako ni rangi. Ama sifa aliyomsifu, haisimami mpaka kwanza weusi uhesabiwe kuwa ni kasoro, kisha mwenye nao asamehewe kwa sababu ya uzuri wake. Ilhali Mwenyezi Mungu ameutaja utofauti wa ndimi zetu na rangi zetu katika Sura ya ar-Rum, aya ya 22, kuwa ni miongoni mwa ishara zake. (Na wengi wetu tunaoyasema maneno haya katika mji huu, tukisimama mbele ya kioo, hatujui tunamsema nani.)

Shangazi hakuibuni dhana hiyo yeye. Katika mwambao huu utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907, na kule Kisauni, Frere Town ilianzishwa katika miaka ya 1870 iwe makao ya watumwa waliookolewa. Vizazi vilivyopita tangu wakati huo si vingi. Kumwona mwanamke mweusi wa bara na papo hapo kumfikiria masufuria ni urithi uliotoka huko, na mrithi hahitaji kukusudia ili autumie. Hii inapunguza lawama yake. Haipunguzi kilichompata mgeni aliyekuja na zawadi.

Na hata wifi yako angekuwa mpishi kweli, alitoa salamu, na kuitikia salamu ni haki ya kila Muislamu kwa aya ya 86 ya Sura ya an-Nisaa. Hilo peke yake lingetosha kuombewa radhi.

Je, analazimika? Naam. Mtume (s.a.w.) amesema, katika mapokezi ya Bukhari, kwamba mwenye kumdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote ajihalalishie leo, yaani amwombe amsamehe, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu. Na aombe radhi kwa kulitaja lenyewe: nilikudhania mpishi kwa sababu ya rangi yako, na nikakusifu kwa namna ya kukudharau, nisamehe. Asiseme "kama umeudhika nisamehe," kwa kuwa huko ni kumrudishia kosa aliyekosewa. Kwa kuwa jambo lilitendeka mbele ya watu, ni vyema wale waliocheka walisikie, nao pia wana sehemu yao, maana aya ya 11 ya Sura ya al-Hujurat inawataja wanawake kwa jina inapokataza kudharauliana. Shangazi ajue pia kwamba udhuru wake ulikuwa na muda. Kabla ya kuambiwa alikuwa mtu aliyekosea. Sasa ameambiwa, na akirudia tena, nia aliyokuwa akijitetea nayo haitakuwapo.

Kaka yako ana haki ya kukasirika kwa ajili ya mkewe, na ningemshangaa kama asingekasirika. Lakini hana haki ya kudai kwamba shangazi anamchukia wifi yako, kwa kuwa hilo ni la moyoni, na Mtume alimkemea Sahaba Usama bin Zayd, aliyemuua mtu aliyetamka shahada akidhani aliitamka kwa woga tu, kwa kumuuliza kama aliupasua moyo wa mtu akaona kilichomo. Wala kiapo cha kukata udugu hakifai kutekelezwa. Akivunje na atoe kafara yake, ambayo ni kuwalisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Anaweza kumtembelea shangazi na kumwambia uso kwa uso kwamba alichofanya ni ubaguzi, na hapo atakuwa ametimiza haki ya udugu na haki ya mkewe kwa pamoja.

Wifi yako msimharakishe. Kusamehe ni bora, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu, lakini ni haki yake yeye kuitoa au kuiacha, na haifai jamaa wakae kitako kumshawishi kabla shangazi hajafika kwake. Kama hataki kwenda kwa shangazi kwa sasa, asilazimishwe na asihesabiwe kuwa ndiye aliyevunja udugu.

Wallahu aalam.