Malta: usidanganywe na udogo wa ramani

Mara ya kwanza nilikwenda Malta mwezi wa Agosti, nikarudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Nilikuwa nimeangalia ramani nikaona kisiwa cha urefu wa kilomita 27 na upana usiofika 15, nikajiambia siku nne zinatosha kukimaliza, na kisiwa cha jirani cha Gozo juu yake. Asubuhi kusini, jioni kaskazini. Sehemu kubwa ya likizo ile iliishia kituo cha mabasi cha Valletta, mji mkuu, jua la saa saba mchana likiniwakia utosini.

Nilirudi tena Oktoba, safari hii na mama yangu kutoka Tanga, siku nane. Ile ndiyo likizo ninayotaka kuwaeleza.

Anza na mwezi, kabla hata ya kuulizia nauli ya ndege. Julai na Agosti joto ni kali, na karibu kila wikiendi kuna mji unaosherehekea mtakatifu wake kwa fataki zinazoanza kulipuka mchana kweupe. Ni sherehe nzuri, lakini kama mnasafiri na mzee au mtoto mchanga, mjue usingizi utakuwa wa shida. Tarehe 15 Agosti, Santa Marija, ni sikukuu ya taifa, na Wamalta wenyewe humiminika Gozo; siku hizo foleni ya magari kwenye kivuko ni ndefu kweli. Oktoba bahari bado ina uvuguvugu wa kiangazi, maana maji huchelewa kupoa, na mtu unapata pa kukaa. Mvua ya radi inaweza kukukuta, basi beba koti jepesi.

Halafu viza. Malta imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, na kibali changu cha kuishi Uingereza hakiniondolei mimi mwenye pasi ya Tanzania haja ya kuomba. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Kinachokwamisha ni miadi ya kupeleka makaratasi. Ya mama tuliingoja wiki sita. Kwa hiyo chukueni hoteli inayokubali kughairi bila makato, na tiketi ya ndege msiilipie mpaka viza iwe mkononi.

Pa kulala ndipo nilipokosea zaidi mwanzoni. Nilifuata bei nikapanga chumba mbali kaskazini, na mabasi mengi ya Malta hukutana Valletta, kwa hiyo kila safari ilinilazimu kwenda kwanza mjini ndipo nibadilishe. Safari ya pili tulikaa Floriana, nje tu ya lango la Valletta, na kituo kikuu tulikifikia kwa miguu. Bei ilikuwa juu kidogo, lakini magoti ya mama yalinishukuru. Valletta ni mji wa ngazi na miteremko. Kuna lifti pale bustani ya Upper Barrakka inayokushusha mita 58 hadi bandarini, itumieni.

Kuna jambo moja lisilotaka uzembe: Hypogeum ya Ħal Saflieni. Ni makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba, chini ya ardhi, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wanaingiza watu 10 kwa saa, 80 kwa siku, ili pumzi zetu zisiharibu michoro ya rangi nyekundu iliyomo. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikaambiwa hakuna nafasi. Mara ya pili, viza ilipotoka tu, nilinunua tiketi hizo kwanza, na siku nyingine zote tukazipanga kuzizunguka.

Madogo mengine: soketi za umeme ni zile zile za pini tatu tulizozoea nyumbani, na magari huendeshwa kushoto. Fukwe za mchanga ni chache, sehemu nyingi watu huogelea kutoka miambani, kwa hiyo nunueni viatu vya majini. Ghadira, kule Mellieħa, ina mchanga na kina kifupi, na mama aliingia bila hofu.

Acheni pia siku moja isiyo na mpango wowote. Jumapili tulikuwa tumekwenda Marsaxlokk, kwenye soko la samaki. Kimalta kimetokana na Kiarabu, na mimi nilishasahau kumwambia mama. Tulisimama mbele ya meza ya muuzaji aliyekuwa akihesabu samaki wa mteja, “sitta, sebgħa”, mama akanishika mkono: “Huyu si anasema sita, saba?” Kuanzia hapo hakuondoka. Akasikia disgħa kwa tisa, għoxrin kwa ishirini, mija kwa mia, elf kwa elfu. Alipoambiwa kwamba Ijumaa ni il-Ġimgħa, na kwamba Wakatoliki wale humwita Mungu Alla, alinyamaza kitambo.

Ile siku yetu tupu ilipofika, Jumatano, nilimuuliza anataka kwenda wapi. Akasema, “Turudi kwa wale wavuvi.” Soko la Jumapili halikuwepo, kulikuwa na mtu mmoja tu akitengeneza nyavu. Mashua zao, luzzu, hupakwa buluu, njano na nyekundu, na kwenye omo kuna macho mawili ya kuchonga. Mama alimweleza yule mvuvi, mimi nikifasiri, kwamba majahazi ya kwao nayo yalikuwa na macho pale pale. Mvuvi akamwachia aiguse mashua. Mama akapitisha kidole polepole kwenye ukingo wa jicho, rangi ikiwa imebanduka kidogo, kisha tukakaa ukutani mpaka basi la saa kumi.