Fyuzi haikatiki, tundu lake ndilo linayeyuka

Kaka, ukisema fyuzi ya feni kwenye Corolla yako ya zamani haikatiki ila tundu lake linayeyuka, mimi sioni kwamba feni inavuta umeme kupita kiasi hapo. Ni mguso mlegevu. Klipu inayoshika fyuzi ndani ya boksi la fyuzi imeacha kubana, au waya umeliwa na ile kutu ya kijani, na kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni unakokaa hilo ni jambo la kawaida. Mguso ukilegea panazuka ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida, ukinzani unazaa joto, na fyuzi inatulia tu kwa sababu ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, hazijazidi.

Huyo fundi anayetaka uweke fyuzi ya ampea 30 badala ya 15, mkatalie kabisa! Fyuzi inalinda waya. Ukiikuza, kitakachoungua ni waya, na gari nalo linaweza kufuata.

Chomoa hasi ya betri kwanza. Kata waya mpaka ukutane na shaba inayong'aa, unga kipande cha unene uleule, weka na terminali mpya, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya. Kusokota kwa mkono na kuzungushia tepu, hapana. Boksi la mtumba jaribu mtaa wa Gerezani, Dar, ila kagua klipu kabla hujalipa.